Maoni: Majani ya Lemera yapimwe, lakini jino lisingoje

Mtu wa Lemera akiamshwa na jino usiku wa manane, safari yake ya kutafuta dawa huanza jikoni. Husukutua kwa maji ya chumvi. Hutafuna jani changa la mpera. Asubuhi jirani humletea ua dogo la njano linalotia ganzi ulimi, au mzee wa kijiji humwonyesha mti wa kuchubua ganda. Siku ya tatu, kama maumivu hayajatulia, hununua gelile mbili za antibiotiki kwenye meza ya sokoni, hufungua moja na kumwaga unga wake ndani ya tundu la jino. Jino hunyamaza. Baada ya wiki kadhaa hurudi, safari hii na shavu lililovimba, homa, na mdomo usiofunguka. Hapo ndipo watu wa nyumbani huanza kuulizana ni nani mwenye pikipiki.

Mambo haya hayatokei Lemera peke yake. Yanajulikana Katogota, Luvungi na Sange, kote bondeni Ruzizi mpaka Uvira na vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika. Na kila yanapozungumzwa, husikika kauli mbili zinazopingana. Ya kwanza husema: majani ni ujinga wa zamani, mtu aende hospitali. Ya pili husema: wazee waliishi kwa majani na meno yao yalikuwa mazima, dawa za kizungu ni biashara tu. Kauli zote mbili zinamwacha mgonjwa peke yake. Ya kwanza inamtuma kwa daktari wa meno ambaye hayupo karibu. Ya pili inampa jani ambalo hakuna aliyelipima.

Iko njia ya tatu, na ndiyo inayostahili kufuatwa Kivu ya Kusini. Majani yachukuliwe kwa uzito kiasi cha kupimwa kama dawa nyingine yoyote inavyopimwa. Na wakati yanapimwa, jino la mtu lisingoje.

Kinachooza jino

Wengi hulelewa wakiamini kwamba jino hutobolewa na mdudu. Imani hiyo ni ya kale sana, na iko katika nchi nyingi za dunia. Haikukosea yote: kweli kuna viumbe hai vinavyohusika, ila ni vidogo mno kuonekana kwa macho. Mwaka 1924, daktari wa London aitwaye J. Kilian Clarke alitoa katika meno yaliyooza bakteria aliyoiita Streptococcus mutans. Mpaka leo bakteria hiyo ndiyo inayotajwa kwanza katika habari za kuoza kwa meno, ingawa ina wenzake, hasa wale wa jamii ya Lactobacillus, wanaoendeleza uharibifu tundu likishaanza.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kuelewa. Mtu anapokula sukari, bakteria nayo inakula. Inapokula hutoa asidi, na asidi hiyo humung'unya madini ya ganda gumu la jino. Vilevile hutumia sukari kutengeneza gundi inayoifanya ing'ang'anie jino pamoja na bakteria nyingine. Ule utando unaoteleza ambao ulimi huugusa asubuhi kabla ya kupiga mswaki, yaani ukoga, ndiyo nyumba yao. Kila chai yenye sukari nyingi, kila biskuti, kila soda na kila kipande cha muwa huwapa bakteria hao chakula, na asidi huendelea kushambulia kwa muda wa kama nusu saa kabla mate hayajaizimua. Mtu anayekunywa soda kidogo kidogo kutwa nzima anayaweka meno yake ndani ya asidi kutwa nzima.

Wakazi wa bonde la Ruzizi wanaijua sukari vizuri. Kiliba ilikuwa na kiwanda cha sukari kilicholisha sehemu kubwa ya Kivu mpaka vita vya miaka ya 1990 vilipokisimamisha. Mashine zilinyamaza, lakini sukari haikuondoka mezani. Ilifika kwa njia nyingine, katika mifuko, chupa na pakiti za rangi, na leo inafika hata katika vijiji vya mlimani ambako dawa ya meno yenye floridi haijafika.

Kiwango cha tatizo si kidogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilisema kwamba watu karibu bilioni 3.5 duniani wana magonjwa ya kinywa, na yanayoongoza ni meno yaliyooza bila kutibiwa. Kwa Afrika, shirika hilo linakadiria karibu asilimia 44 ya watu, huku madaktari wa meno wakiwa kama 3 tu kwa kila watu 100,000, sehemu ya kumi ya kiwango cha dunia. Na hao wachache wengi wako mijini. Kwa hiyo mwenye kumwambia mkulima wa milima ya Lemera "nenda kwa daktari wa meno" anasema neno la kweli ambalo kwa mkulima yule halina mlango wa kuingilia.

Kisahani cha maabara na kinywa cha mtu

Je, majani yanaua bakteria hao? Jibu la kweli ni ndiyo, mengi yanaua, lakini ndani ya maabara.

Mtafiti huchukua jani, ganda au mzizi, hukausha, husaga, kisha hutoa kilichomo kwa kuloweka katika maji, pombe au kimiminika kingine. Kinachopatikana ndicho kinachoitwa dondoo la mmea. Halafu huwapanda bakteria katika kisahani, huweka kikaratasi kilicholoweshwa dondoo, na kukiacha katika joto kama la mwili mpaka kesho yake. Pakitokea duara safi kuzunguka kikaratasi, maana yake bakteria wameshindwa kuota hapo. Duara hupimwa kwa milimita. Kwa njia hii na nyingine zinazofanana nayo, mimea mingi inayojulikana na watu wa Afrika ya Mashariki na Kati imeonyesha nguvu: mpera, kitunguu saumu, karafuu, mubirizi ule mchungu unaotumika pia kwa homa na minyoo, na mingine mingi.

Hata utafiti wa majirani unaonyesha kwamba wazee hawakuchagua ovyo. Katika Rwanda, watafiti wa Butare walichunguza umuravumba, mmea wenye harufu kali ambao wataalamu huuita Tetradenia riparia, na katika miaka ya 1980 walitoa ndani yake kitu maalumu chenye nguvu ya kuzuia bakteria na kuvu. Mti wa mswaki, Salvadora persica, ambao ndio ulioipa lugha ya Kiswahili neno lenyewe la mswaki, ulihimizwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1986 kama chombo cha kusafishia meno pale unapopatikana na pale ambapo ni desturi ya watu.

Lakini kutoka duara katika kisahani mpaka dawa katika kinywa kuna safari ndefu, na hapo ndipo wasifiaji wa majani hunyamaza. Kwanza, ndani ya kisahani bakteria hukaa na dondoo usiku kucha. Kinywani, mtu husukutua dakika moja na kutema, na mate huosha kilichobaki. Pili, bakteria wa kisahani mara nyingi ni aina moja iliyo peke yake. Bakteria wa mdomoni wamejificha ndani ya ukoga, tabaka juu ya tabaka, na huko wanavumilia dawa kuliko wakiwa peke yao. Tatu, mama wa kijijini huchemsha jani kwa maji, ilhali watafiti wengi huloweka katika pombe kali au methanoli, ambazo hutoa vitu ambavyo maji hayatoi. Matokeo ya chupa ya mtafiti hayawezi kuhesabiwa kuwa matokeo ya sufuria ya mama.

Nne, dawa inayoua bakteria moja si lazima iue nyingine. Mwaka 2011, watafiti wa Sweden walionyesha kwamba kitu kimoja kilichomo katika mizizi ya mti wa mswaki kina nguvu kubwa dhidi ya kundi la bakteria ambalo ndani yake wamo wale wanaoharibu fizi. Streptococcus mutans, yule wa kutoboa meno, hayumo katika kundi hilo. Mtu akisoma kichwa cha habari peke yake atasema "mswaki unaua bakteria", na hatajua ni bakteria gani.

Tano, na hili ndilo kubwa zaidi kwa mgonjwa: hakuna jani linaloziba tundu. Ganda la jino likishatoboka halioti tena. Hata dawa ikiua kila bakteria iliyomo leo, kesho chakula kitaingia katika tundu lile lile na wengine watakuja. Ua la njano la kutia ganzi, ambalo hutafunwa sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki, linafanya kweli kile ambacho wazee husema: linaondoa maumivu kwa muda. Lakini wakati ulimi una ganzi, uozo unaendelea kushuka kuelekea kwenye mshipa wa jino. Mtu hudhani amepona kwa sababu tu hasikii.

Njia ambayo Kivu inaijua tayari

Kusema hivi si kuyadharau majani. Kivu ya Kusini ni mahali ambapo mtu hawezi kuyadharau bila kujicheka mwenyewe, kwa sababu mjini Bukavu kipo kiwanda cha Pharmakina, ambacho kwa miaka mingi kimetengeneza kwinini kutoka ganda la mti. Mkwinini si mti wa asili wa Kongo. Ulitoka milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, ukakubali udongo na baridi ya milima ya Kivu. Wenyeji wa kule Amerika walijua ganda lake. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walikitenga kile kitu kinachotibu malaria ndani ya ganda, na tangu hapo iliwezekana kukipima: kiasi gani kwa mtu mzima, kiasi gani kwa mtoto, kiasi gani kinaweza kuua.

Leo hakuna muuguzi wa Bukavu anayemwambia mgonjwa wa malaria akatafune ganda la mkwinini. Na hakuna mzee anayeona kwamba komprime ya kwinini imelitukana ganda. Mti umebaki mti, na maarifa yamepata kipimo. Hadithi ya Tu Youyou wa China, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa dawa ya malaria iliyotoka katika mmea wa artemisia, ni ile ile. Alisoma vitabu vya tiba za zamani za nchi yake, lakini hakuishia kwenye kuvisifu. Alipima, akakosea, akapima tena.

Kwa meno mfano uko karibu zaidi, nao ni karafuu ya Unguja na Pemba. Watu wa pwani wameweka karafuu juu ya jino bovu tangu zamani. Mafuta yake yana kitu kiitwacho yujenoli, kinachopunguza maumivu na kuzuia bakteria. Kwa zaidi ya miaka 100 madaktari wa meno wamekichanganya na unga wa zinki kutengeneza kizibo cha muda cha tundu la jino. Yaani karafuu iliingia katika chumba cha daktari kupitia mlango wa mbele, baada ya kujulikana nini ndani yake hufanya kazi, kwa kiasi gani, na kwa muda gani. Mafuta yale yale yakimwagwa kwa wingi huchoma ufizi. Kipimo ndicho kinachoyatenganisha mambo hayo mawili.

Si kila cha wazee ni dawa

Anayetaka majani yaheshimiwe lazima akubali pia upande wa pili wa kupima: mengine yatashindwa, na mengine yataonekana kuwa na madhara. Mfano ni mnyaa, ule mti wa kuzungushia boma wenye utomvu mweupe, ambao Wanyarwanda huuita umuyenzi. Katika nchi kadhaa za Afrika watu hudondoshea utomvu wake katika jino bovu. Utomvu huo huchoma ngozi na midomo, na ukiingia jichoni unaweza kuliumiza vibaya. Kitunguu saumu kibichi kikiachwa kwenye ufizi usiku kucha huacha kidonda.

Kuna pia desturi ambazo hazihusu mmea wowote lakini husafiri chini ya jina la tiba ya asili. Katika Uganda, Tanzania na nchi nyingine za eneo hili, watoto wachanga wenye homa au kuhara hukatwa ufizi ili kutolewa kinachoitwa "meno ya plastiki" au "ebinyo". Kinachotolewa ni chipukizi la jino halisi la mtoto. Watoto wamepata maambukizi na wamekufa, na wengine wamekua bila meno yao ya chonge. Mtetezi wa maarifa ya wazee asiyeweza kusema kwamba hili ni kosa hawezi kuaminiwa anaposema kwamba jani fulani ni zuri.

Na upande wa dawa za kizungu kuna kosa lake, ambalo pengine ni baya zaidi. Unga wa gelile ndani ya tundu la jino si tiba. Haufiki kwenye mzizi wa tatizo, na kiasi chake kidogo kinawafundisha bakteria kuvumilia dawa. Watafiti walikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliozoea dawa, na Afrika kusini ya Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito kuliko sehemu nyingine. Tena, tetrasaiklini inayouzwa ovyo hupaka meno ya watoto rangi isiyotoka maisha yote. Anayekimbia jani la mzee na kukimbilia gelile ya sokoni hajakimbia ujinga. Amebadilisha duka tu.

Kazi ya Lwiro, ya Lemera na ya serikali

Kazi hii ina wenyewe. Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia cha Lwiro, Kabare, kilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1947 na bado kipo. Mtafiti wake Chifundera Kusamba alichapisha mwaka 2001 orodha ya mimea ya dawa ya eneo la Bushi. Mwaka 2020 ilichapishwa kazi nyingine juu ya mimea inayotumiwa dhidi ya malaria katika maeneo ya Bukavu na Uvira. Maana yake, watu wa kufanya kazi hii wapo, na mwanzo upo. Malaria imepata nafasi yake kwa sababu inaua haraka na wafadhili wanaijua. Jino halijapata nafasi kama hiyo, kwa sababu huua mara chache na huumiza kimya kimya.

Kinachotakiwa ni utafiti wa hatua kwa hatua, na hatua ya kwanza ifanyike vijijini. Wazee wa Bafuliru na jirani zao waulizwe ni mmea gani, sehemu gani, umevunwa msimu gani, umechemshwa vipi. Mmea ujulikane kwa jina lake la Kifuliru na la kitaalamu, kwa kuwa jina moja la kienyeji huweza kubeba mimea miwili. Dondoo litolewe kwa maji kwanza, kama watu wanavyolitumia, kisha kwa njia nyingine. Lijaribiwe juu ya Streptococcus mutans na juu ya ukoga wenyewe, si juu ya bakteria yoyote iliyopo kwenye friji. Lipimwe kama lina sumu. Likifaulu yote hayo, ndipo liwafikie watu waliokubali kulijaribu, chini ya uangalizi wa daktari. Na jibu, liwe zuri au baya, lirudi Lemera kwa Kiswahili na Kifuliru. Mzee aliyeonyesha mti ana haki ya kujua mti wake umefaulu au umeshindwa. Na ukileta faida, kijiji kiwe na fungu lake. Mkataba wa Nagoya wa mwaka 2010 uliandikwa kwa ajili ya mambo kama hayo.

Hospitali ya Lemera haiwezi kuachwa nje. Ilijengwa na wamisionari wa Kipentekoste wa Sweden, na hapo ndipo Denis Mukwege alipoanzia kazi kabla dunia haijamjua. Tarehe 6 Oktoba 1996 wagonjwa na wauguzi waliuawa ndani yake, na vifaa vikaporwa. Watu wa milima ile hawakurudi kwenye majani kwa sababu ya kupenda ushenzi, kama wengine wanavyodhani. Hospitali ilipofungwa na barabara zilipokatwa, jani ndilo lililobaki wazi mchana na usiku, bila kudai ada. Na tangu hapo vita na kuhama havijaisha. Anayetaka watu wategemee hospitali lazima kwanza ahakikishe hospitali inaweza kutegemewa.

Lakini hata kabla utafiti haujaisha, kuna mambo ambayo hayahitaji kungoja. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, ulianzishwa utaratibu wa kutibu jino lililotoboka bila umeme na bila mashine. Muuguzi aliyefundishwa huondoa uozo kwa vifaa vya mkono, kisha huziba tundu kwa saruji maalumu ya meno. Utaratibu huo ulitoka Afrika ya Mashariki ukaenea duniani, na Shirika la Afya Duniani liliutangaza mwaka 1994. Mwaka 2021 shirika hilo liliingiza katika orodha yake ya dawa za lazima saruji hiyo, dawa ya meno yenye floridi, na dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi ambayo hupakwa juu ya jino na kusimamisha uozo. Hupaka jino rangi nyeusi, lakini haihitaji sindano wala umeme. Vitu hivyo vinaweza kuwekwa katika vituo vya afya vya Eneo la Afya la Lemera, na wauguzi waliopo wanaweza kufundishwa kuvitumia. Kinachokosekana ni uamuzi wa jimbo na wa Kinshasa kwamba jino ni sehemu ya afya.

Nyumbani nako kuna kazi. Mswaki mara mbili kwa siku, hasa kabla ya kulala, kwa dawa yenye floridi. Kwenye pakiti nzuri huandikwa kiwango kati ya 1000 na 1500 ppm. Asiye na uwezo wa kununua atumie kijiti safi kilichotafunwa ncha, kwa sababu kuondoa ukoga kwa kusugua ni faida hata kabla ya kuuliza kuna dawa gani ndani ya kijiti. Sukari ipunguzwe, hasa ile ya kulambalamba kutwa. Mama asiweke kijiko cha mtoto mdomoni mwake, kwa kuwa bakteria hizi hupita kwa mate. Doa jeupe kwenye jino la mtoto ni onyo la mapema, na katika hatua hiyo floridi bado inaweza kulirudisha. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa jino neno hilo ni la kweli kabisa.

Mwenye kutafuna jani la mpera au kusukutua maji yake ya vuguvugu hana haja ya kuchekwa. Ajue tu mpaka wake. Jino likiuma zaidi ya siku mbili, tundu likionekana, aende kituo cha afya. Shavu au sehemu ya chini ya taya ikivimba, homa ikipanda, kumeza au kupumua kukiwa kwa shida, hapo hakuna jani wala gelile ya kujaribu. Ni pikipiki, usiku huo huo, kwa sababu uambukizo wa jino unaweza kushuka shingoni na kuziba pumzi.

Wizara ya Afya ina programu ya taifa ya tiba ya asili, na kila tarehe 31 Agosti Afrika huadhimisha siku ya tiba hiyo kwa hotuba nzuri. Hotuba za mwaka ujao zingekuwa na uzito zaidi kama zingetaja mmea mmoja wa Lemera uliopimwa dhidi ya bakteria ya jino, pamoja na jibu lake, na kituo kimoja cha afya mlimani ambako tundu la jino huzibwa. Vyote viwili vinawezekana. Kivu iliyojifunza kupima ganda la mkwinini haiwezi kusema kwamba kupima jani la mpera kumeishinda.